Mnyama Aliyenenepa kwa Udongo

"Sanduku yako ilifika," baba aliniambia kabla hajavuka kizingiti, kofia yake ya reli bado kichwani. "Lakini soda moja anaikalia."

Nilidhani ni usemi tu. Nilipofika stesheni nilimkuta askari, soda kama tunavyowaita kwetu, ameketi kweli juu ya sanduku langu, bunduki magotini, anamenya karanga na kuangusha maganda katikati ya viatu vyake.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Katanga ijitenge. Kwenye bango la stesheni mji wetu uliandikwa Élisabethville, ingawa nyumbani tulisema Lubumbashi, kama mto. Barabara ya kwenda Mitwaba, kwa ndugu za mama, ilikuwa imefungwa na vita. Shuleni kulikuwa na madawati matupu ya wenzetu waliorudi Kasai na wazazi wao. Na kila kilichoshushwa kutoka kwenye treni kilichunguzwa mara mbili. Lakini wiki ile, nikisema kweli, sikuwaza vita. Niliwaza sanduku.

Acha nieleze sababu. Nilikuwa mwaka wa mwisho katika shule ya watawa iliyotutayarisha kuwa walimu. Kila msichana alifunga mwaka kwa somo la majaribio: unaingia katika darasa la watoto, unafundisha, na kule nyuma amekaa mkaguzi. Mada hukuichagua mwenyewe. Ulitia mkono katika kopo la biskuti, ukachomoa karatasi. Wenzangu walichomoa mbu, mahindi, ng'ombe. Mimi nilichomoa wanyama wa sakafu ya bahari: wanakula nini, na wanakipata kwa njia gani.

"Pole, dada," alisema jirani yangu, yule aliyepata ng'ombe. "Weye utafundisha ndoto."

Aliyeshinda alipewa darasa lake mwezi wa tisa. Aliyeshindwa alirudi nyumbani, na hapakuwa na kurudia, maana hakuna aliyejua kama shule ingefunguliwa tena mwaka uliofuata. Tangu utotoni nilikuwa nawafundisha kuku wa mama kusoma. Sasa nilitaka watu wanaojibu.

Bahari sikuwa nimeiona, wala hakuna mtu wa kwetu aliyeiona. Lakini mwalimu wetu wa sayansi, Mzungu aliyehamia Rhodesia wakati wa uhuru, alikuwa ameiandikia misheni moja ya Lobito, kwenye pwani ya Angola, iliyokuwa ikikusanya wanyama wa bahari kwa ajili ya shule. Yeye aliondoka, jibu halikuja, na sote tukasahau. Ni mimi tu niliyeendelea kumsumbua baba kila jioni nikiuliza kama treni ya Lobito imeleta kitu. Na sasa ilikuwa imeleta.

"Mu hii sanduku iko nini?" askari aliniuliza bila kuinuka.

"Nyama ya mu bahari, shefu."

"Ya kukula?" aliuliza, maana kwetu mnyama naye huitwa nyama.

"Apana, shefu. Ya kufundisha."

"Benye kupitisha bunduki, nabo banasemaka ni ya kufundisha."

Akainuka, akaingiza kisu chini ya kifuniko, mbao zikalia. Ndani mlikuwa na majani makavu, na katikati ya majani chupa za kioo zenye midomo mipana, zimezibwa kwa nta. Harufu ya dawa ilitupiga puani. Akaitoa chupa kubwa kuliko zote, akaiinua kwenye mwanga. Ndani alilala mnyama mweusi, mnene kama muhogo mzima, ngozi yake imejaa vinundu. Watu wa pwani humwita jongoo bahari, jina nililolijifunza miaka mingi baadaye. Siku ile hakuwa na jina.

"Hii njo nini? Haina kichwa, haina miguu."

"Iko na kinywa, shefu. Angalia hapa."

"Inakulaka nini?"

"Sijue bado."

"Mwalimu gani asiyejua?"

"Njo sababu ninaomba sanduku."

Baba, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alikohoa. "Umusamehe, shefu. Tangu mutoto iko vile, anauliza paka maulizo, maulizo tu."

Askari aliitazama chupa, akanitazama mimi, akairudisha kwenye majani kwa uangalifu ambao sikuutarajia. "Chukua. Lakini utarudia hapa kuniambia. Hii kitu inakulaka nini, mpaka inanenepa vile bila kichwa? Usiporudia, nitakamata baba yako."

Baba hakucheka mpaka tulipotoka kabisa stesheni, na hata hapo alicheka kidogo tu.

Masomo ya sayansi yalikuwa yameachiwa masera wa kushona. Masera, ndivyo tulivyowaita watawa. Alikuwa mama mnene, mwenye subira, aliyekulia kando ya bahari ya baridi huko kwao Ubelgiji. Tulizipanga chupa kwenye meza ya kukatia vitambaa. Hatukuwa na kisu cha maabara. Alinipa makasi yake madogo ya kudarizi.

"Kata polepole, ma fille," aliniambia, kama anamwambia binti yake. "Kama unafumua pindo ya nguo ya mutu mwingine."

Kulikuwa na majongoo bahari wawili. Nilimfungua mmoja kutoka kinywa mpaka mwisho. Nilitazamia samaki. Mnyama mkubwa vile, niliwaza, lazima ndani yake nikute kitu kikubwa: samaki mzima, au angalau nusu. Utumbo ulikuwa mrefu, umekunjwa na kukunjwa tena, na umejaa mpaka unakaribia kupasuka. Nilipoutoboa, kilichotoka kilikuwa tope. Nilisogea mbele, nikatoboa tena. Tope. Mwisho kabisa, tope.

"Masera, amekula chini," nilisema.

"Namna gani, chini?"

"Chini yenyewe. Sakafu. Anakula mahali anapolala."

Tukatazamana juu ya meza, na yule mama akaanza kucheka mpaka shela yake ikapinda. Nami kitu fulani kilikuwa kimewaka kifuani, furaha ile inayokufanya ushindwe kukaa. Tulimfungua kaa mkubwa, kisha kaa mdogo. Tulimtazama konokono asiyezidi ukubwa wa limau, na makombe matupu, magamba ya chaza yaliyotumwa pamoja naye, kila moja na tundu la mviringo, safi kama limechongwa na seremala. Katika kichupa cha mwisho walikuwamo minyoo wembamba, wenye nyuzi laini kichwani. Sikusikia kengele ya chakula.

Jioni ile nyumbani nilikaa na jamaa zangu mbele ya bukari, ugali wetu, na kwa mara ya kwanza nikatazama jinsi tunavyokula. Sahani moja, samaki wakavu na sombe, majani ya muhogo, katikati. Baba alimega tonge kubwa, akachovya mahali popote, akameza. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye tonge la baba lisingeingia kinywani mwake, alitembeza kidole pembeni akiokota macho ya samaki tu. Mama alisubiri kilichosukumwa upande wake. Chakula kimoja, sahani moja, na njia tatu za kushiba.

"Juu ya nini unatuangalia vile?" mama aliuliza.

"Ninajifunza, mama."

"Jifunze na mukono. Bukari inapoa."

Siku ya somo mkaguzi alifika mapema. Alikuwa mtu wa kwetu Katanga, mwalimu wa zamani aliyepandishwa cheo haraka baada ya Wazungu kuondoka, suti yake imenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Aliketi nyuma, kando ya masera, akafunga mikono. Watoto wengi walikuwa wasichana wa kambi za wafanyakazi, na dirisha la darasa lilitazama bomba la moshi la kiwanda cha shaba na kile kilima cheusi cha makapi ya tanuri, ambacho mtoto wa Lubumbashi hukiona kila siku mpaka anaacha kukiona.

Nilipanga chupa mezani. Pembeni niliweka sinia: kombe kubwa, kombe dogo, makombo ya samaki, na kijiko cha tope. "Hivi ni vyakula vya chini ya bahari," nikasema. "Njooni mgawie kila mnyama chakula chake."

Nilidhani watabahatisha, na kwamba kutoka kwenye kubahatisha tungeanza kufikiri. Lakini hawakubahatisha hata kidogo. Walifanya walichokiona kila Jumamosi kambini, siku ya posho, ambapo nyumba yenye watu wengi hupimiwa unga mwingi, na ndogo kidogo. Walizisogeza chupa zikawa foleni, mkubwa mbele. Msichana mmoja alishika sinia na kukaza uso kama mpimaji wa posho. Jongoo bahari akapata kombe kubwa. Kaa mkubwa akapata dogo. Kaa mdogo na konokono wakagawana makombo. Mnyoo, wa mwisho kabisa, akamiminiwa tope.

"Hakuna kusukumana," alisema yule mpimaji kwa sauti nzito ya kiume, na darasa zima likacheka.

Mkaguzi naye alicheka. Kisha akasema, "Mademoiselle, bamekwisha kujibu. Mukubwa anakula kikubwa, mudogo anakula kidogo. Hata mutoto wa kunyonya anajua. Somo iko wapi?"

Nilisikia mwezi wa tisa ukiniponyoka. Nikasema, "Bwana mkaguzi, tuwaulize wanyama wenyewe."

Nilianza na konokono. Niliwapa watoto kombe lenye tundu, likapita mkono kwa mkono. "Nani alitoboa?"

"Musumari, masomo," alisema mmoja. Masomo ndivyo walivyoniita, nami nilipenda.

"Soda," alisema mwingine, na wote wakacheka tena.

"Pitisheni kidole ukingoni. Tundu ni pana nje, jembamba ndani. Risasi haifanyi hivyo. Huyu konokono ana ulimi kama tupa ya fundi. Analikumbatia kombe, anasugua, anasugua, mpaka amepenya. Sasa mlinganisheni na kombe alilolila."

Walimlinganisha. Walikuwa karibu sawa.

"Kumbe yeye si wa makombo," alisema mpimaji polepole, na bila kuambiwa akamhamishia konokono kombe dogo.

Kisha kaa. Hapa niliwapa haki yao, kwa sababu hawakukosea kabisa, na mtoto aliyepatia nusu anastahili kuambiwa ni nusu ipi. Niliwaonyesha kilichokuwa tumboni mwa kaa mkubwa: vipande vya gamba nene, la kombe ambalo kaa mdogo asingeweza kulivunja. Lakini katikati ya vipande hivyo kulikuwa pia na vitu vidogo kama punje za mtama, vile vile vilivyokuwa tumboni mwa kaa mdogo. "Kwa wawindaji, ukubwa unasaidia," nikasema. "Mwenye koleo kubwa ana sahani pana. Lakini akikuta kidogo njiani, hakikatai. Mdogo ndiye asiyeweza kupanda kwenye sahani ya mkubwa."

"Na yule pale mbele?" mkaguzi aliuliza. "Njo mukubwa wao wote. Anawinda nini?"

"Hawindi, bwana. Anakula tope."

"Tope?"

Nilimwonyesha yule niliyemfungua na masera. Alikuja mbele, akainama, akatikisa kichwa. "Huyu alikuwa mugonjwa. Nyama mukubwa hawezi kuishi na tope. Fungua mwingine."

Yule wa pili sikuwa nimemgusa. Nilichukua makasi ya kudarizi, nikajaribu kukumbuka pindo la nguo ya mtu mwingine, nikakata. Watoto walikuwa wamesimama juu ya madawati ili waone.

Ndani hamkuwa na kitu. Si samaki, si tope, si hata utumbo. Ngozi nene tu, kama mfuko wa posho uliokung'utwa.

Masera alikuwa anatazama viatu vyake. Mtoto mmoja akanong'ona, "Alikufa na njaa," na hakuna aliyecheka.

Mkaguzi hakurudi kwenye kiti. Alichukua chupa nilimomtoa yule wa pili, sijui kwa nini, labda kuisogeza tu, akaitazama, kisha akaipeleka dirishani na kuiinua kwenye jua. "Hapa chini iko kamba," alisema.

Nilimkimbilia. Chini ya dawa iliyochafuka kulikuwa na kitu kilichojiviringisha, cheupe, kirefu, kimepasuka mahali pawili. Ulikuwa utumbo. Na chini yake, tabaka la udongo mwembamba.

"Aliutapika," nikasema. Nilikuwa nakisia, na miaka baadaye nilifurahi kusoma kwamba sikukosea: mnyama huyu akitishwa vibaya hutupa matumbo yake nje, na akiwa mzima majini huota mengine. "Walipomtia kwenye dawa alishtuka, akatoa kila kitu. Bwana, tusaidie kuutoa."

Alikunja mkono wa suti, akatia vidole. Tope likatoka kwenye utumbo mpaka kiganjani mwake. Alilisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisogeza karibu na jicho, kama wanavyofanya watu wa migodini wakipima jiwe lililosagwa. Nadhani alisahau kwamba tupo.

"Muchanga," alisema. "Paka muchanga." Akageuka. Hakuwa tena na sauti ya mkaguzi. "Sasa, namna gani mutu ananenepa na muchanga?"

Lilikuwa swali la kweli, na mwalimu hupewa swali la kweli mara chache. Nikaonyesha dirishani. "Watoto, kile kilima ni nini?"

"Takataka ya tanuri, masomo."

"Shaba iliyotoka humo ni kubwa kama kilima?"

Wakacheka kwa ujinga wa swali langu. Baba zao walikuwa wakishinda huko. Mawe mabehewa kwa mabehewa, shaba kidogo, na yaliyobaki yanamwagwa nje.

"Mchanga wa chini ya bahari una chakula, lakini ni haba, kama shaba ndani ya jiwe. Ni uozo wa mimea na wanyama ulioganda kwenye punje. Anayetaka kuishi kwa jiwe haba anahitaji nini?"

Kisha mpimaji wa posho akainua mikono yote miwili. "Kiwanda kikubwa."

"Njo kusema ule nyama iko kiwanda," jirani yake akamdaka. "Anaingiza hapa, anatosha inje pale. Na nyuma yake iko na kilima yake."

Darasa likalipuka. Wote walitaka kuja kutazama utumbo, urefu wake, mikunjo yake. Mmoja alitaka kujua moshi wake unatokea wapi. Nililazimika kupiga meza. Nikawaambia sehemu niliyoipenda kuliko zote: kwamba mnyoo mwembamba naye anaishi kwenye tope lile lile. Lakini yeye hana nafasi ya kiwanda. Tumbo lake ni uzi. Akimeza kila kitu kama jongoo, atashiba mchanga na kufa. Kwa hiyo hunyoosha zile nyuzi za kichwani na kuchagua punje moja moja, ile yenye chakula, kama mama anavyochambua maharage kwenye ungo. Mkubwa anaweza kumeza bila kuchagua kwa sababu ana tumbo refu la kungojea chakula kitoke mchangani. Mdogo anaishi kwa kuchagua.

"Kwa hiyo foleni yenu?" niliuliza.

Waliivunja wenyewe. Kijiko cha tope kiligawanywa: nusu kubwa kwa wa kwanza, na kwa mnyoo punje zilizookotwa kwa ncha ya penseli, msichana ametoa ulimi nje kwa umakini. Makombo wakampa kaa mdogo. Kombe kubwa likaenda kwa kaa mkubwa. Mkaguzi alikuwa amesimama katikati yao, mkono wake mchafu umeinuliwa mbali na suti, na alipoona wamemaliza akatoa leso.

Hakutangaza kitu. Mlangoni alisimama akiendelea kufuta vidole. "Mwezi wa tisa utakamata darasa ya ine," aliniambia, yaani la nne. "Lakini punguza maneno, mademoiselle. Unaeleza sana."

Masera alinishika mabega kutoka nyuma, na kwa kuwa alikuwa na nguvu, nilitikisika mzima.

Kesho yake nilikwenda stesheni, maana baba alikuwa amenikumbusha asubuhi, na tena mchana alimtuma mtu kunikumbusha. Askari alikuwa palepale, amekalia sanduku jingine.

"Weye wa nyama," alisema. "Inakulaka nini?"

"Udongo, shefu."

Aliacha kumenya karanga. "Udongo? Na kunenepa vile?"

"Vile."

"Na weye, ulimwambia nani? Bakubwa balikubali?"

"Balinipa darasa."

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa taratibu, kisha akapaza sauti kuelekea ghalani: "Tata, weye uko huru." Kutoka ndani ya ghala baba alijibu kitu ambacho sikukisikia vizuri, na mzigo ukaanguka.

Askari akasogea, akanipa nafasi pembeni yake juu ya sanduku, na karanga kiganja kimoja. "Udongo," alirudia. "Sasa niambie muzuri. Inafanya namna gani?"

Treni ya Lobito ilichelewa siku ile. Nikaketi, nikaanza mwanzo.